Viwanja vitatu vya skeiti Afrika Mashariki, na swali moja kwa kaunti

Jumapili moja saa moja asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, tulikuwa watu sita na mbao nne. Maegesho ya magari yalikuwa matupu, na lami yake laini kama meza. Tuliskeiti dakika ishirini hivi kabla ya soja kutokea, rungu mkononi, sweta imefungwa vifungo hadi kooni.

"Vijana, hapa si uwanja wa mpira."

"Mzee, hatuchezi mpira."

"Basi hicho kitu mnachocheza, kipelekeni kinakochezewa."

Tukabeba mbao zetu tukaenda. Sikumkasirikia. Mzee wa watu yuko kazini, na akituachilia meneja atamfuta. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani wiki nzima. Kinakochezewa ni wapi?

Makala haya ni jibu langu. Ukiwa na ubao, au unaufikiria ubao, hapa kuna viwanja vitatu katika miji mikubwa ya eneo letu: Nairobi, Kampala na Addis Ababa. Viwili nimevifikia. Cha tatu nakiwekea akiba. Nitakuambia jinsi ya kufika na jinsi ya kuishi na watu ukifika. Kisha nitauliza swali ambalo nadhani kila kijana wa mjini anafaa kumuuliza MCA wake, hata kama hajawahi kukanyaga ubao.

Kwanza, mimi ni nani wa kukuambia

Nilianza kuskeiti mwaka nilioacha chuo. Karo iliisha, mathe akasema tungoje muhula ujao, tukangoja, na mpaka leo tunangoja. Nikabaki na muda mwingi na doo kidogo. Ubao wangu wa kwanza niliununua Gikomba, umelala chini ya lundo la viatu vya mtumba. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Tulibishana akaniachia kwa mia nane. Gurudumu moja lilikuwa limelika upande, kwa hivyo nilikuwa nikienda mbele huku nikivutwa kushoto, kama mat yenye usukani mbovu.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa na makovu kwenye viwiko vyote viwili. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka kusimama kwenye ubao pia sharti ainame, kwa sababu ukikaza magoti unaanguka. Na utaanguka tu. Unaanguka mbele ya watu, unapangusa vumbi, unarudi pale pale ulipoangukia. Kwa mtu ambaye ameacha chuo na kila shangazi anamuuliza "siku hizi unafanya nini?", hilo ni somo kubwa kuliko unavyodhani.

Haya, tusafiri.

Nairobi: Shangilia, Kangemi

Uwanja huu uko Kangemi, magharibi mwa jiji, kando tu ya Waiyaki Way. Panda mat za Kangemi kutoka mjini, shuka, ulizia Shangilia. Wenyeji wanapajua.

Shangilia Mtoto wa Afrika ni makao ya watoto na shule. Yalianzishwa mwaka wa 1994 na mwigizaji Anne Wanjugu, ambaye alianza kwa kuwakusanya watoto waliokuwa wakiishi mitaani na kuwafundisha sanaa: maigizo, muziki, sarakasi. Sikiza hapo vizuri. Hakuanza na ratiba wala sare. Alianza na mchezo, kwa sababu mtoto aliyezoea barabara humwiti kwa kumpigia kengele.

Mwaka wa 2013 makao hayo yakapata uwanja wa skeiti wa simiti, kwa ushirikiano na skate-aid, shirika la Ujerumani lililoanzishwa na Titus Dittmann. Ndipo Kenya ikawa na uwanja wa kwanza wa aina yake. Fikiria hilo. Nchi yenye majumba ya vioo Upper Hill na barabara kuu inayopita juu ya vichwa vyetu, na uwanja wake wa kwanza wa skeiti ulijengwa ndani ya makao ya watoto Kangemi.

Mara ya kwanza nilipofika, kijana wa miaka kama kumi alinitazama nikihangaika kwenye rampu, akatikisa kichwa. "Bro, mguu wa nyuma ndio unakuangusha. Unauogopa." Alikuwa sawa. Akanionyesha mara tatu, na mara ya nne nikashuka bila kuanguka. Hakutaka kitu. Alitaka tu zamu ya ubao wangu.

Ushauri: kumbuka unaingia nyumbani kwa watoto. Usijitokeze tu na mbogi ya watu kumi na spika begani. Wasiliana nao kwanza, uliza siku na saa inayofaa, jiandikishe langoni. Usipige picha za watoto na kuzitupa mtandaoni. Na usiende mikono mitupu. Magurudumu ya akiba, beringi, hata viatu vilivyobana mguu wako lakini bado vizima, vyote vina kazi hapo.

Kampala: Kitintale

Huu ndio uwanja ninaouheshimu zaidi, na nitakuambia sababu.

Kitintale ni mtaa ulio mashariki mwa Kampala, kwenye barabara ya Port Bell inayoelekea Luzira na Ziwa Victoria. Mwaka wa 2006, kijana wa hapo aitwaye Jackson Mubiru pamoja na marafiki zake waliamua kujenga uwanja wa skeiti kwa mikono yao wenyewe. Hakukuwa na mwingine Uganda wa kuuiga. Walichimba, wakachanganya simiti kwa sepetu, wakalainisha, wakaharibu, wakarudia. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa Uganda Skateboard Union. Baadaye mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, akaja kuwapiga picha, na picha hizo zikautangaza mtaa huo kwa watu ambao Kampala yenyewe hawangeweza kuionyesha kwenye ramani.

Kutoka Nairobi, basi za Kampala huondoka kila siku, nyingi zikisafiri usiku. Utavukia Busia au Malaba. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano usije ukakwama. Ukishuka mjini, boda itakufikisha Kitintale. Elewana bei kabla hujapanda, kama tu kwetu.

Kiswahili chako kitafanya kazi, lakini jifunze salamu ya Kiganda. "Oli otya?" maana yake ni "habari yako?" Na kwa kuwa ule mruko wa kwanza kila mtu anaojifunza kwenye ubao unaitwa oli, siku yangu ya kwanza kila niliposalimiwa nilidhani naambiwa niruke. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Jioni walinipeleka kula rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, na hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu arudi.

Simiti ya Kitintale si laini kama unayoiona kwenye video za Marekani. Ina mikwaruzo, ina viraka. Usilalamike. Kila kiraka ni siku ambayo mtu aliamka akaamua kuutengeneza badala ya kungoja mfadhili. Ukiteleza pale unaskeiti juu ya jasho la watu, na utaiona tofauti kwa jinsi wenyeji wanavyoutunza: anayetupa chupa ndani huambiwa aiokote, awe mgeni au mwenyeji.

Addis Ababa: Laphto

Uwanja wa tatu uko Addis Ababa, eneo la Laphto. Ulifunguliwa mwaka wa 2016. Vijana wa Ethiopia Skate waliusukuma, shirika la Make Life Skate Life likasaidia, na wajitoleaji kutoka nchi mbalimbali wakaja kumwaga simiti bega kwa bega na wenyeji. Shirika hilo ndilo lililokuwa limesaidia kujenga uwanja wa 7Hills mjini Amman, Jordan, mwaka wa 2014, kwa mtindo huo huo wa wajitoleaji.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: uwanja wa Laphto umejengwa kwenye kituo cha vijana cha serikali. Pesa na mikono ilitoka kwa watu, lakini ardhi ilikuwa ya umma. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Addis pia ndiko kuliko na Ethiopian Girl Skaters, kundi la wasichana lililoanzishwa na Sosina Challa. Wana siku yao ya kukutana na kufundishana, ili msichana anayeanza asihitaji kuanguka mbele ya wavulana ishirini wanaompigia miluzi. Dada zangu wa Nairobi wanajua ninachosema. Uwanja ambao nusu ya vijana wanaogopa kuuingia bado haujakamilika, hata kama rampu zake ni za dhahabu.

Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, na ndege kutoka Nairobi ni kama saa mbili. Vitu viwili vya kujiandaa. Cha kwanza ni pumzi: Addis iko juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo siku ya kwanza usijifanye shujaa. Cha pili kitakufurahisha: Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili. Ukiambiwa mkutane saa tatu asubuhi, ni saa tatu yako wewe, ile jua likiwa limeshapanda. Mzungu wa kundi lenu ndiye atakayechelewa au kufika usiku wa manane.

Epuka Juni hadi Septemba, ndio msimu wa mvua kubwa kule. Simiti iliyolowa ni kama sakafu yenye sabuni. Kwa Nairobi na Kampala, chunga miezi ya Machi hadi Mei na ile mvua ya mwisho wa mwaka.

Uwanja mzuri ni upi?

Baada ya kuzunguka nimegundua kuwa urefu wa rampu si kitu. Uwanja mzuri una mambo matatu.

La kwanza ni lango lililo wazi, au angalau mtu anayejulikana wa kukufungulia. La pili ni mbao za kuazima. Ubao mpya na vifaa vyake ni pesa ambazo familia nyingi za mtaa hazina, kwa hivyo mahali ambapo mbao tano zinazunguka kwa watoto thelathini ndipo mchezo unapokua. La tatu ni mtu wa kukufundisha, hata akiwa na miaka kumi na anakutikisia kichwa.

Mengine ni yako: kofia ngumu, hasa ukianza, viatu vya soli bapa, maji, na adabu ya zamu. Usimkate mtu njia akiwa tayari ameanza kuteremka.

Sasa, swali

Rudi nyuma kidogo. Kangemi, ardhi ni ya makao ya watoto. Kitintale, vijana wenyewe walishika sepetu. Laphto, ni kituo cha vijana cha umma. Katika vyote vitatu, wazo halikuanzia kwenye ofisi ya mji. Lilianzia kwa watu waliochoka kufukuzwa. Lakini ni Addis pekee ambapo serikali ilichangia kile kitu ambacho sisi vijana hatuwezi kukichangisha kwa M-Pesa hata tukijaribu: kipande cha ardhi.

Nairobi simiti haitushindi. Vijana wa fundi tunao, wengine ni maskeita wenyewe. Tatizo ni mahali pa kuimwaga. Viwanja vingi tulivyocheza utotoni vimegeuka fleti, maegesho au yadi ya mtu tusiyemjua. Vijia vya miguu vimetandikwa kabro, na aliyejaribu kuskeiti juu ya kabro anajua meno yanavyogongana. Kinachobaki ni barabara yenyewe. Nimeona madogo wakiskeiti pembeni mwa barabara kuu usiku, magari yakiwapita kwa mkono mmoja. Hao ndio wananinyima usingizi, si sisi tunaofukuzwa na soja.

Na hili si jambo la kuombaomba. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la vifaa vya michezo, bustani za umma na mahali pa burudani. Imeandikwa. Mtu akikuambia skeiti ni starehe ya kibinafsi, muulize mbona uwanja wa mpira si starehe ya kibinafsi.

Mwaka uliopita nilienda kwenye kikao cha umma cha bajeti ya wadi yetu. Ukumbi ulijaa wazee na akina mama, vijana tulikuwa watatu. Watu waliomba taa za barabarani, mitaro, dawa kwenye zahanati. Mambo ya haki kabisa, nami niliyapigia makofi. Kisha nikainua mkono nikaeleza: kipande cha ukubwa wa uwanja wa basketboli, mita 28 kwa 15, kinatosha kuanzia. Hakihitaji nyasi za kumwagilia. Ukijengwa vizuri, na maji ya mvua yapewe pa kutokea, unakaa miaka mingi. Watoto wa roller wanaojazana mjini wikendi pia watautumia, na wa baiskeli.

Mzee mmoja wa mbele akageuka. "Kijana wangu, unataka tukupe ardhi ya kuanguka?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka. Nikakaa.

Nimesikia mengine tangu siku hiyo. Kwamba huu ni mchezo wa watoto wa matajiri: waulize wa Kangemi na Kitintale. Kwamba viwanja hivi vitajaa wavuta bangi: bangi inavutwa kwenye ploti tupu na nyuma ya vioski, mahali ambapo hakuna anayeona, si mahali ambapo watoto arobaini wanasubiri zamu na mama zao wameketi pembeni. Kwamba ni hatari: ndiyo, utachubuka. Lakini kati ya kuchubuka ndani ya uwanja na kugongwa na lori, mzazi yeyote atachagua kwa haraka.

Na kwamba hauna manufaa. Skeiti iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Afrika Kusini ilimpeleka Dallas Oberholzer akiwa na miaka 46, mtu aliyetumia miaka mingi kuwafundisha watoto wa vijijini karibu na Durban. Orodha ya michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kupangwa katika ardhi ya Afrika, ina skeiti pia. Sisemi tutashinda medali. Nasema hata wa kujaribu hatutampata, kama mahali pake pa mazoezi ni maegesho ya mtu Jumapili kabla soja hajaamka.

Tufanye nini?

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Kabla ya hapo kuna vikao vya umma. Vinatangazwa magazetini na kwenye mitandao ya kaunti, na mara nyingi vijana tunavisikia vikishapita. Safari hii tusiende watatu. Nendeni na mbao zenu, nendeni na dada zenu, nendeni na yule mama anayejua mtoto wake anaskeiti barabarani. Andikeni ombi kwa karatasi, ukurasa mmoja, mtaje kipande cha ardhi ya umma mnachokijua kwa jina, mliweke mezani kwa karani alipokee na kuligonga muhuri. Maneno hupeperuka, karatasi yenye muhuri hubaki.

Mwaka wa 1989 Uhuru Park ilikuwa karibu kumezwa na jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai alikataa, akaandika barua, akatukanwa, akaendelea kuandika. Leo tukilala kwenye nyasi zile Jumapili, tunalala juu ya ukaidi wake. Ardhi ya umma hubaki ya umma pale tu mtu anapoisemea.

Kwa hivyo wikendi hii, tembelea Shangilia. Ukipata likizo, panda basi la Kampala. Ukipata zaidi, tukutane Addis, saa tatu asubuhi, ile yetu.

Na kwa yule mzee wa wadi yetu: siku ile nilikosa jibu, nikalipata nikiwa njiani kurudi kejani. Ndiyo, mzee wangu. Tunaomba ardhi ya kuanguka. Tayari tunaanguka, kwenye lami ya magari na mitaroni. Tunaomba tu tuangukie mahali ambapo mtu anaweza kuinuka akajaribu tena.